Karata Hazina Kichwa cha Kutikisa

Mume wangu alipokwenda Kishushe kuchimba vito, yale mawe ya kijani, hakuniaga vizuri na mimi sikumuaga vizuri. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia bure.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa Voi, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mimi na yeye na watoto watatu. Yeye alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Kazi nzuri hiyo, mtu anavaa buti na wenzake wanamwita mzee kabla hajazeeka. Siku moja niko mferejini nangoja zamu ya ndoo yangu, mwanamke mmoja akaniuliza, "Sasa mtarudi milimani, ama mzee amepata kazi ingine?"

Nikamwambia mzee ana kazi.

Akanitazama vile mtu anavyotazama kuku aliyekatwa kichwa na bado anakimbia. "Aliacha Jumatatu," akasema.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku tatu mume wangu alikuwa anavaa buti asubuhi, anatoka, anarudi jioni, anakula ugali wangu, na kazi hana. Na mji mzima unajua isipokuwa mimi.

Sikumwuliza kitu. Ningempigia kelele ingekuwa afadhali. Sisi Wataita tunazijua hasira. Ile ya kelele haina neno, inapiga vyungu na kesho imekwisha. Ile inayokaa kimya moyoni ndiyo mbaya. Wazee wetu walisema hiyo ndiyo inamfanya mtoto akohoe mwezi mzima na ng'ombe atupe mimba. Dawa yake inaitwa kutasa. Mwenye hasira anachukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, anayapuliza nje yatawanyike, na anasema kwa sauti kwamba moyo wake umepoa na anawatakia watu wake mema. Walifanya hivyo kabla padri hajaja, na wengine waliendelea kufanya padri akiwa ameketi papo hapo anakunywa chai. Kwa hiyo zamani mtu wa kwetu akipata shida, akienda kwa mganga, swali ni moja tu: nani ana hasira? Hakuna lingine.

Basi. Jumamosi yule bwana akapanda lori na rafiki yake. Akaniambia, "Nikifika nitatuma neno." Nikamwambia, "Sawa." Sikumfungia hata kiazi kimoja cha njiani. Nilikuwa na viazi vitamu kwenye sufuria, vimeiva, vimefunikwa, na nilivitazama.

Miezi minne ikapita. Kishushe ya wakati huo ilikuwa mwisho wa dunia. Gari lilienda likitaka na kurudi likitaka. Mtu mmoja akaniambia amemwona mume wangu amenenepa. Mwingine akaniambia kuna shimo lilimfunika mtu huko, lakini si yeye, au labda ni yeye, hakuuliza jina. Unapewa habari kama hiyo sokoni, halafu mtu anaendelea kuchagua nyanya.

Mwezi wa kumi dereva wa lori la kabichi akaniletea ujumbe kutoka kwa mama mkwe wangu, huko Werugha milimani. Mvua za vuli ziko karibu. Kile kipande cha shamba chini ya nyumba, nilichopewa nilipoolewa, niende nikipande. Nisipokwenda, atakipanda mke wa shemeji yangu. Na kwetu shamba likizoea jembe la mtu mwingine, kulitoa mkononi mwake ni kazi ya mahakama na machozi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikienda kupanda, mume wangu akirudi Voi atakuta kufuli. Atasema nimemwacha. Na mwanamume aliyepata mawe akikuta kufuli, kuna wanawake wengi wa kumfungulia mlango mwingine. Nikibaki kumngoja, shamba linaondoka, na labda ninayemngoja yuko chini ya kifusi. Nilienda kulala na jambo hilo na kuamka nalo. Niliweka chumvi kwenye chai. Nilimvalisha mtoto wa pili nguo za wa kwanza nikamchapa kwa kuwa zinampwaya.

Ukuta kwa ukuta nasi alikaa mama mmoja kutoka upande wa magharibi, mume wake fundi wa reli. Mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, kicheko chake kilikuwa kinasikika hadi stesheni. Zamani alikuwa yaya kwa mama mmoja wa Kizungu, huko mashamba ya mkonge. Yule memsahibu alipokuwa akirudi kwao alimwachia vitu vitatu: blanketi, birika la chai, na pakiti ya karata za picha. Si karata za kuchezea. Hizi zilikuwa kubwa kama kitabu cha nyimbo cha kanisani, na kila moja ina picha ya rangi. Mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja na hana wasiwasi. Mnara unapigwa na radi, watu wanaruka nje. Jua lenye uso. Memsahibu alizitumia kutazamia mambo yake jioni, na yaya alikuwa amesimama nyuma na sinia, akijifunza.

Nilikuwa Mkristo, nilikuwa naimba kwaya, na nilikuwa nimesema mara nyingi kwamba karata zile ni za shetani. Nikaenda mchana, watoto wakiwa nje, nimebeba ungo wa maharagwe ya kuchagua ili mtu akiniona aseme nimeenda kuchagua maharagwe.

"Umekuja kwa shetani?" akaniuliza jirani yangu.

"Nimekuja kuchagua maharagwe."

"Basi shetani atakusaidia." Akaondoa vikombe mezani, akapangusa meza kwa kanga, akazitoa karata. "Uliza."

"Atarudi lini?"

Akazirudisha karata kwenye boksi. Ninasema kweli, alizirudisha na akafunga kifuniko. "Dada, hii si ratiba ya treni. Karata hazijui lini. Hata stesheni pale wana ratiba imebandikwa ukutani na bado hawajui lini. Uliza ingine."

"Yuko hai?"

"Hiyo ni ya ndiyo au hapana. Karata hazina kichwa cha kutikisa. Uliza kitu kinachoweza kujibiwa na picha."

"Ana mwanamke huko?"

"Na yeye amekuja hapa kuniomba nimchungulie? Memsahibu alikataza kabisa. Mtu hayuko mezani, usimfungulie mlango wake. Uliza lako wewe."

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, na shuleni mwalimu ndiye aliyekuwa anauliza. Kanisani padri anauliza na jibu limeshaandikwa kitabuni. Hakuna siku mtu mzima alikuwa amenikalisha chini akaniambia, chagua swali. Nilianza kutoka jasho. Nikauliza kama mvua itakuwa nzuri, akasema huo ni uvivu. Nikauliza kama mtoto wangu wa kwanza atakuwa mtu mkubwa, akasema niache kuruka ruka. Maharagwe mabaya nilikuwa natia upande wa mazuri. Mwishowe, kwa kuchoka, mdomo wangu ukatoa lile swali la kwetu.

"Nani ana hasira?"

Jirani akaniangalia. Kwao hawana hayo mambo. "Na nani?"

"Na sisi. Mimi na nyumba yangu. Nani ana hasira imezuia huyu mtu kurudi?"

"Ee," akasema polepole. "Hiyo angalau ina nyama." Akachanganya, akanipa nikate, akafunua moja. Mwanamke ameketi kwenye kiti kikubwa, taji kichwani, upanga mkononi umesimama wima. Uso mkavu kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mimi najuaje? Ni mwanamke na ameketi."

Lakini mimi nilishajua. Katika ukoo wa mume wangu kulikuwa na kiti kimoja cha kuegemea, cha mninga, na aliyekikalia alikuwa mmoja. Hata mkatekista akija alipewa kigoda. Nilibeba ungo wangu nikatoka bila kusema asante. Mama mkwe! Sasa nilielewa kila kitu. Yeye hakunipenda tangu mwanzo, alimtaka msichana wa kijiji cha Mgange, mwenye mabega ya kulimia. Anazuia mwanawe asirudi kwangu, na papo hapo anatuma ujumbe anitishe na shamba. Nilijisikia mwepesi, mwenye nguvu, kama mtu aliyepona homa.

Kesho yake nikapanda lori la kabichi linalorudi tupu, watoto watatu nikiwaacha kwa jirani, nikaenda Werugha. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye migomba, na mimi na nguo zangu za Voi nikawa natetemeka. Mama mkwe nilimkuta kwenye kile kiti, nje, anakatakata majani ya ng'ombe. Kitambaa chake cheupe cha kanisa kilikuwa kimeanikwa kwenye uzio.

"Umekuja kupanda?" akauliza.

"Nimekuja unitasie, mama."

Panga likasimama. "Nani amekuambia nina hasira?"

"Nimeota."

"Umeota ama umeenda kwa mganga?"

"Si mganga. Ni yaya."

Akalitafuna neno hilo. "Siku hizi mayaya wanajua moyo wangu," akasema. Nikamweleza, kiti na upanga na vyote. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake alianza kucheka, kidogo kidogo, kama birika linaloanza kuchemka, mpaka akashika kiuno. "Taji? Mimi? Na upanga?" Akalinyanyua lile panga la majani. "Huu?"

Lakini alikuwa mtu wa haki. Kwetu mtu akiambiwa ana hasira hakatai, maana kukataa ndiko kuwa nazo. Akaita kijukuu alete maji kwenye kibuyu. Akasimama, akavuta maji mdomoni, akayapuliza kuelekea bondeni, upande wa Voi, mara mbili. Kwa sauti ya watu wote akasema, "Kama nilikuwa na kitu moyoni juu ya huyu na nyumba yake, kimetoka, kimepoa. Mwanangu arudi. Huyu alale. Watoto wake wanenepe." Halafu akapangusa kidevu na kunipa kibuyu.

"Sasa wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe nini! Kunywa, piga maji."

"Mimi sina hasira na mtu, mama."

Alinitazama bila ubaya, akarudi kitini kwake kukata majani. Nami nilikuwa na kiburi wakati ule, na ninacho hata leo, kimenisaidia katika mengi. Nikakiweka kibuyu chini kimejaa. Nikasema lori litaniacha.

"Vuli haitakungoja kama unavyomngoja huyo," akaniambia mgongoni.

Nikarudi Voi nikangoja. Wiki ya kwanza kila sauti ya buti nje ilinisimamisha. Wiki ya pili nikaanza kumkasirikia jirani. Upande wa Kasigau mawingu yalikuwa yamejikusanya, jioni upepo ulikuwa unaleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Nikamwendea, safari hii bila ungo.

"Karata zako ni za uongo. Mama mkwe ametasa na mtu hajarudi."

"Amefanya nini?"

Nikamweleza kutasa ni nini. Alisikiliza mdomo wazi, mikono juu ya tumbo. "Ngoja," akasema. "Kwa hiyo ulichukua karata yangu, ukapanda lori, ukaenda kumtemesha mate bibi wa watu?"

"Picha ilikuwa yake!"

"Picha ilikuwa ya mwanamke ameketi. Wewe ulikuwa umeketi wapi ulipouliza?"

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake cha kuegemea. Alinipa mimi mgeni, yeye akakaa kwenye debe. Nilihisi masikio yanawaka.

"Sisemi ni wewe," akasema haraka. "Sijui. Hata memsahibu alikuwa hajui, alikuwa analia tu na kuandika. Nasema swali lako lilikuwa la kutafuta mtu. Ukitafuta mtu utampata, kijiji kimejaa watu. Uliza ambalo mikono yako imo ndani."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikafika mferejini. Nililigeuza swali kama mtu anayetafuta upande wa kushikia sufuria ya moto. Nikisema "nifanye nini ili arudi," anasema hilo bado ni lake yeye. Nikisema "niende au nibaki," anasema hiyo ni ndiyo na hapana imevaa nguo. Nililia kidogo, kwa hasira, si kwa huzuni. Yeye akamenya viazi. Viazi vitamu. Nikavitazama vile viazi kwenye sufuria yake na nikasema, bila kukusudia, "Nifanye nini na hivi nilivyomnyima?"

Hakuelewa, wala hakuuliza. Akanikatisha karata, akafunua. Mwezi una uso, mbwa wawili wanaubwekea, na chini mdudu kama kaa anatoka majini.

Tukaitazama wote wawili.

"Hii inasemaje?"

"Hii," akasema jirani yangu, "hata mimi sijawahi kuielewa."

Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mbwa wa nini? Kaa wa nini, mimi mtu wa mlimani? Nilikwenda mferejini, nikafungua bomba, nikachukua maji mdomoni. Foleni nzima ya wanawake na ndoo iko nyuma yangu. Nikayapuliza. Nilitaka kusema maneno kama alivyosema mama mkwe, yakatoka vipande vipande: kwamba kilicho moyoni kimepoa, kwamba siku tatu za buti zimekwisha, kwamba kama yuko hai ale, kama amekufa alale. Sijui kama kilikuwa kimepoa kweli. Nilisema tu.

"Jino?" akauliza yule mwanamke, yule yule aliyeniambia habari ya Jumatatu.

"Jino," nikamjibu.

Kesho yake nikafunga mlango, nikaweka kufuli, ufunguo nikampa jirani, nikachukua watoto wangu watatu na jembe. Nilipanda lile shamba siku mbili kabla ya mvua. Mahindi na kunde na maharagwe, mistari iliyonyooka, mke wa shemeji akinitazama kutoka juu ya ukingo, mkono kiunoni. Ninalilima mpaka leo. Wajukuu wangu wamesoma kwa lile shamba, na mmoja anafundisha wengine.

Kunde zilikuwa zimeanza kutambaa mume wangu alipofika. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda, buti hana, na jiwe moja kijani kama punje ya pojo limefungwa kwenye kitambaa. Mimi niko shambani, udongo hadi magotini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kwa miezi sita, na yote yalinitoka.

"Umejuaje niko huku?" nikamwuliza.

Akanishangaa. "Nilifika Voi nikakuta kufuli. Jirani akasema uko nyumbani." Akatazama kilima, migomba, nyumba ya mama yake. "Kwani mimi sijui njia ya kwetu?"

Mama mkwe alicheka kwenye kiti chake mpaka akakohoa. Na mimi nilisimama pale na jembe. Wiki ngapi nimeogopa kufuli? Mtu amezaliwa pale, kitovu chake kimezikwa pale chini ya mgomba, na mimi nilikuwa na hofu kwamba akikuta mlango umefungwa atapotea! Nilikuwa nimeyauliza maswali yote, ya ndiyo, ya lini, ya nani, na hilo la njia halikunijia hata mara moja.

Nikaingia jikoni nikampa kiazi. Akakila akiwa amesimama, na ganda lake.

Baadaye nilimwuliza alianza safari siku gani. Akasema hakumbuki siku, anakumbuka mvua ilikuwa imeanza. Lakini mvua ya Kishushe si ya Werugha, na kama ni kabla ya maji ya mfereji au baada, mpaka anakufa hakuweza kuniambia. Mama mkwe alishikilia kwamba ni maji yake yeye, yalichelewa njiani tu. Padri alisema ni sala. Mimi sijui. Siku nyingine nasema ni hili, siku nyingine lile, na siku nyingine nasema mtu aliishiwa chakula akarudi kwao.

Nilipokwenda Voi kuchukua vyombo nilimsimulia jirani yangu yote. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya tumbo, akitikisa kichwa.

"Sasa dada," akasema, "mbona hukuniambia kwamba unaogopa kufuli? Ningekuuliza kama anaijua njia kabla sijafungua boksi."